Kisu cha Yoshida kwenye sangara wa Mwanza

Kwa mpishi wa hoteli anayetoa minofu kila siku, au nyumba inayokula sato mara tatu kwa wiki, Tojiro DP ya milimita 210, kisu cha Kijapani, inakishinda kisu chochote kinachopangwa kwenye vibanda vya vyombo hapa mjini. Kwa anayepasua sangara pale mwaloni Kirumba, vichwa na miiba na mapanki (mifupa inayobaki minofu ikitolewa) yote kwa kisu kimoja, ni hasara tupu: makali yatakuwa yamemeguka kabla jua halijapanda. Sifa na kasoro zote zina chanzo kimoja, nacho ni ugumu wa chuma chake.

Kwenye orodha ya kiwanda kisu hiki ni F-808. Ni kisu cha mpishi, chenye tumbo lililopinda kidogo na ncha kali, na upana wa karibu milimita 45 pale kisigino kinapokutana na mpini. Uzito haufiki gramu 200. Mpini ni mbao nyeusi zilizobanwa kwa gundi, zimeshikwa na ribiti tatu, na kati ya mpini na bapa kuna kizibo cha chuma kinachozuia utumbo na damu ya samaki kuingia kwenye ungio. Bapa lenyewe lina tabaka tatu. La katikati, ndilo linalokata, ni chuma kiitwacho VG10: kaboni kama asilimia 1, kromiamu 15, kobalti kati ya 1.3 na 1.5, na molibdeni na vanadi kidogo. Pande mbili zimefunikwa kwa chuma laini zaidi chenye kromiamu 13, ambacho hakishiki kutu kirahisi na hulikinga lile la katikati lisipasuke. Ukikigeuza kwenye mwanga utaona mstari hafifu ukitembea sambamba na makali, milimita chache juu yake. Hapo ndipo tabaka zinapokutana. Kisu kinachouzwa kwa jina hili bila mstari huo, kiachie mwenyewe.

Ugumu wa chuma cha katikati ni karibu 60 kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya mpini wa plastiki mweupe au wa buluu vinavyotumika kwenye viwanda vya minofu huwa kati ya 54 na 57. Tofauti hiyo kwenye karatasi inaonekana ndogo, ila mkononi ni kazi mbili tofauti kabisa. Chuma laini kikigonga mfupa hupinda, mtu akakipitisha kwenye fimbo ya kunolea mara nne tano, kikanyooka, kazi ikaendelea. Chuma kigumu hakipindi. Kinakaa na makali yake muda mrefu, mpaka siku kikilazimishwa upande, kimeguke.

Sasa, kinakotoka. Kiwanda kipo Yoshida, na Yoshida hiyo haipo tena kwenye orodha ya miji ya Japani. Ilikuwa mji mdogo katika wilaya ya Nishikanbara, mkoa wa Niigata, kwenye tambarare ya mpunga ya Echigo upande wa Bahari ya Japani. Tarehe 20 Machi 2006, Yoshida na jirani yake Bunsui ziliunganishwa na jiji la Tsubame. Kipindi hicho miji na vijiji vingi vya Japani vilikuwa vinaunganishwa, serikali ikitaka halmashauri chache zenye nguvu zaidi. Sisi huku tuliona kinyume chake: mwaka 2012 Ilemela ilitolewa ndani ya Jiji la Mwanza ikawa manispaa yake, ndiyo maana mwalo wa Kirumba, ambao kila mtu anauita wa Mwanza, kiofisi uko Ilemela.

Jina la Yoshida halikufutika, lakini. Anwani za eneo lile zilipewa jina la mji wa zamani mbele ya jina la mtaa, kwa hiyo kiwanda cha Tojiro kiko Tsubame, Yoshida Higashisakae-cho. Na jambo linalochekesha kidogo ni kwamba makao makuu ya jiji jipya yenyewe yalijengwa upande wa Yoshida, sehemu ya Nishiota. Mji uliomezwa ndio uliopewa ofisi ya mmezaji. Reli nayo haikujali mipaka mipya: stesheni ya Yoshida bado ndiyo njia panda ya laini ya Echigo na laini ya Yahiko. Kijiji cha Yahiko, pua kwa pua na Yoshida, kilikaa nje ya muungano huo na mpaka leo ni kijiji.

Kwa nini visu vitoke huko na si kwingine? Kwa sababu ya maji. Mto Shinano, mrefu kuliko yote Japani, ulikuwa unafurika na kuzoa mpunga wa tambarare ile, na tangu miaka ya 1600 wakulima wakashika ufundi wa kufua misumari ili wasife njaa. Baadaye wakaongeza vyombo vya shaba, maana shaba ilichimbwa jirani, mlima Yahiko. Misumari ya mashine kutoka Ulaya ilipoua soko lao, mafundi wale wale walihamia kwenye vijiko na uma vya Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1922 ulifunguliwa mfereji wa Okozu, unaochepusha maji ya Shinano kwenda baharini kabla hayajafika mashambani. Mwanzo wake ulikuwa ndani ya mji wa Bunsui, ule uliounganishwa pamoja na Yoshida. Mafuriko yakapungua, ila ufundi ulikuwa umeshaota mizizi. Mwaka 1991 vijiko, uma na visu vya mezani kwenye karamu ya Tuzo ya Nobeli kule Stockholm vilikuwa kazi ya Tsubame. Tojiro, kilichoanza mwaka 1953, ni kitukuu cha misumari ile. Chuma cha VG10 chenyewe hakitoki Niigata. Hufuliwa Takefu, mkoa wa Fukui, na Takefu nayo ilikuwa jiji lililopoteza jina mwaka 2005 lilipoungana na mji wa Imadate kuwa Echizen. Kisu kimoja, majina mawili yaliyotoka kwenye ramani ndani ya miezi michache.

Turudi kwenye samaki. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo mdogo kabisa atakayefika jikoni kwa halali ana kama kilo moja na nusu. Kuanzia hapo hadi kilo nne au tano, bapa la milimita 210 linatosha. Akizidi hapo linakuwa fupi, na utajikuta unakata kwa mikato miwili mitatu badala ya mkato mmoja, mnofu unatoka na ngazi ngazi.

Usimparue sangara kwa kisu hiki, si kwa makali wala kwa mgongo. Magamba yake ni mazito, na mgongo wa kisu una kona zilizoachwa kali kiasi cha kuumiza kidole cha shahada kwenye kazi ndefu. Kiparuo cha visoda vilivyogongelewa kwenye kijiti kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na hakigharimu kitu. Kama mnofu utachunwa ngozi, kuparua hakuna haja hata kidogo. Hizo kona za mgongoni zinalainika kwa msasa wa maji namba 400 kisha 1000, dakika kumi tu. Ni afadhali ufanye siku kisu kinapofika kuliko kusubiri lengelenge.

Toa bondo, kile kifuko cha hewa cha samaki, kwanza. Liko juu ya matumbo, limebanwa chini ya uti wa mgongo, na ncha ya kisu hiki hupita mbavuni bila mkono kuhisi kitu. Bondo lililotobolewa bei yake unaijua. Pasua tumbo kwa ncha ikiwa imeangalia juu, sentimita moja tu ndani, kisha weka kisu chini na ulibandue bondo kwa vidole.

Baada ya hapo mlaze samaki ubavu, kichwa upande wa mkono unaoshika kisu. Ingiza makali nyuma ya pezi la shavuni, ukielekeza kwenye kichwa kwa mshazari ili nyama nene ya shingoni isibaki kichwani. Shuka taratibu mpaka uguse uti wa mgongo. Gusa, usikate. Hapa ndipo visu vya namna hii hufia. Mkono uliozoea kisu cha sokoni hugonga uti, halafu huzungusha kiganja ili bapa ligeuke kuelekea mkiani. Mzunguko ule, makali yakiwa yameuma mfupa, ndio unaomegua. Chuma kigumu kinastahimili kusukumwa chini, hakistahimili kupindishwa. Njia salama ni kukitoa kisu nje kabisa, uanze mkato wa pili kutoka mgongoni: pitisha ncha kando ya mapezi ya juu, kutoka shingoni hadi mkiani, kina cha sentimita mbili hivi, kisha rudia mkato ule ule ukizama kidogo kidogo huku mkono wa kushoto ukiinua nyama. Utasikia ncha ikikwaruza juu ya miiba, tik tik tik, kama kucha kwenye chanuo. Sauti hiyo ndiyo unayoitaka. Ikinyamaza, umepanda juu na nyama inabaki kwenye panki.

Kwenye mbavu, chagua. Bapa hili ni gumu halipindi, hivyo haliwezi kufuata mviringo wa mbavu kama kisu chembamba cha kiwandani. Ama ukubali kuacha nyama kidogo kwenye mbavu, ama ukate mbavu pamoja na mnofu kisha uzitoe mezani. Kwa sangara mdogo wa kilo mbili, mbavu zake kisu kinazipita bila shida. Kwa wa kilo nne, usithubutu. Kwa hotelini nyama inayobaki si tatizo, panki linaingia kwenye supu. Kwa anayeuza minofu kwa kilo, ni fedha inayotupwa, na hapo kisu chembamba kinachopinda kinashinda bila ubishi. Viwanda vyenyewe visingekubali mpini wa mbao kwa sababu za usafi, kwa hiyo ubishi huo haupo.

Kuchuna ngozi ndiko kisu hiki kinakojilipia. Shika mkia kwa chumvi au kitambaa ili usiteleze, kata nyama mpaka uguse ngozi, laza bapa karibu liwe sambamba na ubao, kisha vuta ngozi huku kisu kikitulia. Anayetembea ni ngozi, siyo kisu. Makali yakiwa sawa, ngozi inatoka nzima, mnofu unabaki na ule utando mwekundu tu, ambao ukitaka unauondoa kwa mkato mwingine mmoja.

Sato ni rahisi kwa mwili na mgumu kwa miiba. Mstari wa miiba midogo uko katikati ya mnofu, theluthi ya mbele. Utoe kwa mikato miwili inayokutana chini. Kwa kazi hiyo F-808 ni kubwa kupita kiasi. Ndugu yake mdogo, F-802 ya milimita 150, inafaa zaidi, na kwa jiko ambalo samaki wake wengi ni sato tungependekeza uanze na hiyo. Kamongo na kambale: vizuri, maana ngozi inayoteleza inahitaji makali yanayouma mara moja. Gogogo mwenye miiba migumu, mkate miiba kwa mkasi kwanza. Dagaa haihitaji kisu, tuendelee.

Mambo mengine yanayokiua ni ya kawaida jikoni kwetu. Samaki aliyeganda barafu. Mnofu wa friza ulio mgumu katikati unamega makali sawasawa na mfupa. Kupasua kichwa cha sangara cha supu, kazi ya panga. Mifupa ya mbuzi, vivyo hivyo. Kukata kwenye sahani, kwenye marumaru ya kaunta, kwenye sufuria. Kutenganisha muhogo kwa kuupindisha na kisu kikiwa ndani. Kuku wa kienyeji anakubalika ukipita kwenye viungio.

Na klorini. Jikoni na mwaloni wengi huloweka visu kwenye maji ya dawa usiku kucha, wakidhani chuma kisichoshika kutu hakishiki kutu. Klorini hutoboa chuma cha aina hii vishimo vidogo vyeusi, na vishimo vikifika kwenye makali hakuna kunoa kutakakoyatuliza. Ukitaka kuua wadudu, osha kwa sabuni na maji ya moto, pangusa dawa, iache dakika chache, suuza, kausha kwa kitambaa hapo hapo. Kisu kisilale kwenye beseni: mbao za mpini zikinyonya maji huvimba, zikikauka husinyaa, na baada ya miezi utaona ufa mwembamba pembeni ya ribiti, nyumba ya harufu. Ndimu na nyanya hazikidhuru ukikifuta baada ya kazi. Stili waya inakikwaruza tu, kwa sura, haipunguzi kazi.

Kunoa kunastahili muda kuliko kisu chenyewe, kwa sababu ndiko watu wengi wanapopotelea. Usikipitishe kwenye jabali. Mji huu una mawe kila kona na visu vya wavuvi vimenolewa juu yake miaka nenda rudi, lakini chembe za granaiti ni kubwa na hazilingani, zinaacha makali kama msumeno. Fundi wa gurudumu naye mwepuke: joto la cheche linalegeza chuma pembezoni mwa makali, rangi ya kahawia au buluu ikitokea hapo ujue ugumu uliolipia umeondoka. Fimbo ya chuma yenye mikwaruzo, ile ya bucha, humegua makali haya badala ya kuyanyoosha.

Kinachotakiwa ni jiwe la maji namba 1000. Liloweke mpaka mapovu yaishe, kama dakika kumi, kisha liweke juu ya kitambaa kibichi lisitembee. Pembe ni nyuzi 15 kila upande. Kwa bapa la upana wa milimita 45, hiyo ni sawa na kuinua mgongo milimita 12 kutoka kwenye jiwe. Kwa F-802 iliyo nyembamba, milimita 7 hadi 8. Weka sarafu chini ya mgongo mara ya kwanza ili jicho lizoee, kisha ziondoe. Gawa makali sehemu tatu, kisigino, katikati na ncha, na kila sehemu isugue mara ishirini hadi thelathini upande mmoja, vidole viwili vikikandamiza juu ya sehemu inayonolewa. Acha tope linalotokea, ndilo linalonoa. Upande wa pili wa makali, ukipapasa kwa kidole kutoka mgongoni kwenda nje, utahisi chuma kimejikunja kama uzi. Uzi huo usipotokea kwa urefu wote, hujafika. Kugeuza upande mapema ndiyo sababu kubwa ya kisu kukata vizuri kisiginoni na kugoma nchani. Ukishaupata, geuza, rudia, halafu malizia kwa misuguo mepesi kumi, mitano, miwili, ukibadilisha pande. Jiwe la 3000 hadi 6000 ni anasa inayopendeza kwa minofu mibichi. Pitisha mwisho kwenye gazeti lililokunjwa, kwa kuvuta tu.

Jiwe likikosekana, nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji namba 1000 na 2000. Ubandike juu ya kioo kinene au kigae, ulowanishe, na kisu kivutwe kurudi nyuma pekee. Ukikisukuma mbele kitakata karatasi. Kazi inachukua muda mara mbili, matokeo yanakaribiana.

Kipimo ni ngozi ya nyanya iliyoiva au ngozi ya sato mbichi. Weka makali bila kukandamiza, vuta. Yakiteleza, rudi kwenye jiwe. Pengo la milimita moja lisianziwe namba 1000, utachoka bure. Tumia jiwe la 400 au chini yake, sugua mpaka mstari wote ushuke kulifikia pengo, ndipo upande juu. Kwa jiko la hoteli, jiwe mara moja kwa wiki mbili na gazeti kila jioni vinatosha. Nyumbani, kila miezi miwili mitatu.

Bei yake inanunua zaidi ya visu kumi vya elfu tano tano, kabla ya usafiri na ushuru, na usitarajie kukikuta madukani Makoroboi, hapa Mwanza. Wenye ndugu anayesoma au kufanya kazi Japani wamwagize. Treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hufika Tsubame-Sanjo, na kutoka hapo laini ya Yahiko inaenda hadi Yoshida, ambako kiwanda kina duka lake na sehemu ya kutazama mafundi wakinoa. Kisu kiende kwenye begi la mizigo, kisiingie kwenye ndege mkononi. Na kama fedha inatosha kisu peke yake bila jiwe, nunua kisu cha sokoni na jiwe, bakia na chenji.